Barua ya wazi: Tendi za mama zetu ziorodheshwe zikiwa bado majumbani

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa wakuu wa wizara inayosimamia utamaduni na turathi, na kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Lamu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu maandishi ya dini na maadili yaliyotungwa, kunakiliwa na kutunzwa na wanawake wa mwambao wetu katika karne zilizopita, hususan wanawake wa Lamu, Pate na Siyu. Ombi langu ni kwamba kuanzishwe kazi rasmi ya kuyaorodhesha na kuyapiga picha maandishi hayo yakiwa humo majumbani yalimo, kwamba kazi hiyo wakabidhiwe wanawake, na kwamba jina la kila mwanamke aliyetunga, aliyenakili au aliyetunza liandikwe kwenye orodha pamoja na jina la utendi wenyewe, yaani shairi refu la mawaidha. Nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa naona namna maandishi haya yalivyosalimika hadi leo ndiyo inayopaswa kutuongoza namna ya kuyahifadhi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Utendi wa Mwana Kupona. Jina lake limezoeleka kwa kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili, lakini mazingira yake hayatajwi inavyostahili. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi alipambana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, mjane huyo akiwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka kama 17, utendi wa beti zaidi ya mia moja. Mwenyewe anatuambia kwamba maradhi yalikuwa yamemshika hata yakatimiza mwaka. Kisha anamwita mwanawe kwa ubeti huu:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Naomba msomaji autazame ubeti huu polepole. Mama hamwiti binti aje asikilize tu. Anamwita aje mbele, aketi, na aje na wino na karatasi. Katika nyumba hiyo, miaka zaidi ya 160 iliyopita, msichana kushika kalamu halikuwa jambo la kustaajabisha hata lihitaji maelezo, kwani mama analitaja kama anavyolitaja jambo la kila siku. Na tukumbuke ni familia ya mji gani. Siyu ulikuwa mji wa waandishi, mji ambao misahafu yake iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono inasifiwa hadi leo na wataalamu wa hati. Tumezoea kuwafikiria wanawake wa zama hizo kuwa walikuwa wasikilizaji wa elimu ya wengine, ilhali ubeti huu wa maneno machache unatuonyesha mama anayetunga na binti anayeandika, pasipo mwanamume yeyote kati yao.

Tena utendi huu haukukusudiwa binti mmoja. Baadaye Mwana Kupona anawageukia wanawake wote na kuwaambia:

Someni nyute huramu
maana muyafahamu
musitukue laumu
mbee za Mola Jalia

Someni, nyote wanawake, mpate kufahamu maana, msije mkabeba lawama mbele ya Mwenyezi Mungu. Hapa kusoma ni jambo la wokovu. Anayeamrisha ni mwanamke, wanaoamrishwa ni wanawake, na sababu anayoitoa ni kwamba kila mmoja wao atasimama peke yake mbele ya Mola wake na ataulizwa. Sijui hoja nzito kuliko hiyo ya kumfunza mtoto wa kike, na haikuletwa kwetu na meli yoyote.

Utendi huu uliwafikia wasomi wa Ulaya kupitia Alice Werner, aliyefika Lamu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kufanya kazi na mshairi, mwandishi na mchongaji mashuhuri wa mji huo, Muhammad Kijuma. Werner aliuchapisha mwaka 1917, na mwaka 1934 akautoa tena kama kitabu pamoja na William Hichens. Tunawashukuru, kwa sababu bila kazi yao tungekuwa na pengo. Lakini kitabu hicho cha 1934 kilipewa jina la Kiingereza lililouelezea utendi kuwa ni nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo jina hilo limekuwa kama miwani ambayo kila mtu huivaa kabla ya kuusoma. Katika mazungumzo mengi ya darasani, Mwana Kupona amebaki kuwa yule mama aliyemfundisha bintiye kumtii mume, basi. Wapo wanaomsifu kwa hilo na wapo wanaomlaumu kwa hilo hilo, na pande zote mbili zimesimama kwenye kipande kile kile.

Hakika utii kwa mume umo, na umesisitizwa sana. Radhi za mume zinahesabiwa pamoja na radhi za Mungu, za Mtume, za baba na za mama. Lakini jambo la kwanza analomwamuru binti ni kuishika dini, asiikhini faradhi, na sunna inapowezekana aitie. La pili ni adabu na ulimi mwema. La tatu ni kuwa msema kweli, na kutoandamana na mtu asiyeshika haki. Muhitaji akija mlangoni asifukuzwe, bali atendewe kwa kile kinachowezekana. Yamo pia ya nyumba, ya usafi, ya manukato na ya mapambo. Na sehemu kubwa ya utendi, kuelekea mwisho, si nasaha tena bali ni dua: mama mgonjwa anamwomba Mungu amponye, amhifadhie wanawe, awarehemu jamaa zake na Waislamu wote. Mwenye kuusoma mpaka mwisho ataona kwamba wasia wa ndoa umewekwa katikati, baina ya fundisho la imani na dua, na kwamba kuukata hapo katikati ni sawa na kumnyamazisha mtunzi mara mbili.

Sisemi haya ili kumpamba. Katika utendi huo huo Mwana Kupona anamwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Alikuwa mwanamke wa tabaka la juu katika jamii iliyomiliki watu, na maneno yake yanatuambia hivyo waziwazi. Toleo lolote litakalochapishwa kwa ajili ya vijana wetu halina budi kuuacha ubeti huo mahali pake na kuueleza kwa ukweli. Halina budi pia kukiri kwamba wanawake waliokuwa wakiteka maji, wakitwanga na kupika katika nyumba hizo nao walikuwa na dua zao, nyimbo zao na maonyo yao kwa watoto wao, ambayo hayakupata wino wala karatasi. Kama kazi ninayoiomba itaanzishwa, basi wakusanyaji waelekezwe pia kwa vizazi vya wanawake hao, kwa kuwa yaliyobaki kwao yamo vinywani tu na yatapotea mapema zaidi.

Mwana Kupona hakuwa peke yake Afrika, wala peke yake katika pwani hii. Katika zama zake, huko Sokoto, Nana Asma'u binti wa Sheikh Usman dan Fodio, aliyezaliwa 1793 na kufariki 1864, alitunga kwa Kifulfulde, Kihausa na Kiarabu, na akawaandaa walimu wa kike waliokwenda vijijini kuwafundisha wanawake wenzao dini kwa mashairi. Kaskazini yetu tu, Barawa, aliishi Mana Sitti Habib Jamaladdin, anayejulikana zaidi kwa jina la Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919. Mashairi yake ya kumcha Mungu na kukumbusha mauti, kwa lugha ya Chimiini iliyo ndugu ya Kiswahili, yamesomwa na kuhifadhiwa kwa moyo na Wabarawa kwa vizazi. Vita vya Somalia vilipowatawanya watu wa Barawa, wengi walikimbilia Mombasa, na wengine wakaenda mbali zaidi, Uingereza na Marekani. Hazina hiyo nayo, basi, kwa sehemu imo ndani ya mipaka ya nchi yetu, katika nyumba za watu tunaopishana nao sokoni.

Sasa niseme yaliko maandishi yenyewe. Baadhi ya nakala bora za tendi zetu ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na baadhi ya hizo zimewekwa kwenye intaneti. Nyingine ziko Ujerumani, zilikofikishwa na Ernst Dammann aliyekuwa Lamu katika miaka ya 1930. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo uliotokana na bidii ya J. W. T. Allen, ambaye katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Hapa Lamu penyewe, vitabu vya hati vya Msikiti wa Riyadha vimepigwa picha kwa mradi uliofadhiliwa kupitia Maktaba ya Uingereza, na kazi hiyo ni ya kupigiwa mfano, kwa sababu vitabu vilipigwa picha bila kuhamishwa kwenye mji wake.

Hata hivyo, msikiti na chuo cha dini ni mahali ambapo wanaume huweka vitabu vyao. Mwanamke huweka vyake nyumbani. Huviweka ndani ya kasha, vimefungwa kwa kitambaa pamoja na msahafu, au kwenye zidaka, yaani vishubaka, za ukuta wa ndani. Kila anayezijua nyumba za mawe za Lamu anajua kwamba mgeni wa kiume hupokewa kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, na akikaribishwa sana ataishia kiwandani, yaani uani. Mtafiti wa kiume anaweza kukaa Lamu mwaka mzima, akahojiana na masheikh wote, na asivuke kizingiti cha chumba ambamo utendi umelala. Akiondoka ataandika kwa uaminifu kwamba hakuona maandishi mengi ya wanawake. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba kazi hii wakabidhiwe wanawake. Sisemi hivyo kwa ajili ya kutafuta usawa wa idadi kwenye ripoti. Ni kwa sababu wao ndio wanaoweza kuingia, kuketi, kunywa kahawa, kurudi siku ya pili na ya tatu, na hatimaye kuonyeshwa.

Nimewahi kuonyeshwa nakala moja ya namna hiyo. Lilikuwa daftari lililopoteza jalada, limeandikwa kwa hati ya Kiarabu, wino mweusi uliogeuka kuwa wa kahawia, na mwanzo wa kila ubeti umetiwa alama nyekundu. Pambizoni, kwa mkono mwingine, kulikuwa na tarehe za kuzaliwa watoto wa nyumba ile, kwa mwaka wa Hijria. Ukurasa wa mwisho, ambapo kwa desturi mwenye kunakili hutaja jina lake, huomba asamehewe makosa ya kalamu na kuwataka wasomaji wamsomee Fatiha, ulikuwa umeliwa na mchwa ukabaki utepe mwembamba wa karatasi upande wa mshono. Mwenye nyumba alimjua aliyeandika, naye ni bibi yake mzaa mama. Jina hilo halimo kwenye katalogi yoyote, na sasa halimo hata kwenye daftari lenyewe. Limo katika kumbukumbu ya mama mmoja mtu mzima. Hewa ya chumvi, unyevu wa masika na wadudu havingoji bajeti ya mwaka ujao, na umri wa binadamu hali kadhalika.

Kwa hiyo naomba kazi ifanywe kwa namna itakayowapa wenye mali utulivu wa moyo. Familia nyingi zimesikia habari za vitabu vilivyoazimwa na wageni visirudi, na hofu yao ina msingi. Wasiombwe kutoa wala kuuza. Kamera iende nyumbani, ukurasa upigwe picha mbele ya mwenye nyumba, naye abaki na kitabu chake, apewe na sanduku au bahasha ya kuhifadhia isiyoharibu karatasi, pamoja na nakala iliyochapwa vizuri ya kile kilichopigwa picha. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti kwa asiyeona vizuri, na yataje wazi nani ataruhusiwa kuiona picha hiyo na wapi. Makumbusho ya Lamu yana uzoefu wa kuishi na wenyeji ambao taasisi ya kutoka mbali haiwezi kuupata kwa muda mfupi, na ndiyo sababu natamani kazi ianzie hapo.

Kuna jambo la sauti ambalo nisingependa lisahaulike. Utendi hautungwi usomwe kimya kimya. Una mahadhi yake, na wapo akina mama wanaojua mahadhi ya tendi ambazo karatasi zake zimekwisha kupotea. Wengi wao wamezoea kusoma katika mikutano ya wanawake peke yao, kwenye maulidi ya nyumbani, kwenye matanga, au wanapomfunda mwari, na hawaridhii sauti zao zisikike hadharani. Heshima hiyo ilindwe. Inawezekana kabisa kurekodi sauti kwa sharti kwamba itasikilizwa na wanawake tu, ndani ya chumba cha maktaba kilichotengwa, na kuiweka sharti hiyo kwenye kumbukumbu za kudumu ili asije mkuu mwingine baada ya miaka kumi akaifuta kwa kutojua. Mradi usioweza kutoa ahadi kama hiyo utapewa tendi chache, na zitakuwa zile zinazojulikana tayari.

Watakaofanya kazi hii wapo. Pwani ina mabinti waliosoma vyuo vikuu na ambao pia walipitia madrasa, kwa hiyo wanaijua hati ya Kiarabu. Wanachohitaji ni mafunzo ya kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati hiyo, ambayo ina matatizo yake kwa kuwa herufi moja huweza kubeba sauti mbili au tatu za lugha yetu, na mafunzo ya kupiga picha karatasi dhaifu bila kuiumiza. Walimu wa mafunzo yote mawili wanapatikana Lamu na Mombasa. Nawaomba mabinti hawa waajiriwe kwa mshahara, kwa kuwa kazi ya turathi mara nyingi huombwa ifanywe kwa mapenzi tu pale inapofanywa na wanawake.

Kuhusu nakala zilizoko nje, nashauri wizara iandike rasmi kwa taasisi zinazozishika, iombe picha zilizo kamili na za ubora wa kutosha kuchapishwa, ziwekwe Lamu mahali ambapo mwanafunzi wa shule ya sekondari anaweza kuingia na kuziona bila barua kutoka chuo kikuu. Picha ya ukurasa iliyo kwenye mtandao ni msaada mkubwa kwa mtafiti aliye Nairobi au Muscat. Kwa mama wa Siyu asiye na kompyuta bado ni kitu kilicho London.

Na hatimaye kuchapishwe toleo la Utendi wa Mwana Kupona lililo kamili, beti zote kwa mfuatano wake, hati ya Kiarabu upande mmoja na hati ya Kilatini upande wa pili, Kiamu chake, yaani lahaja ya Lamu, kikiachwa kama kilivyo na maneno magumu kuelezwa chini ya ukurasa, na kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu. Toleo hilo litaje nakala zilizotumika na walioziandika. Tendi nyingine zitakazopatikana zifuate utaratibu huo huo.

Msingi wa kisheria mnao. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali kukuza utamaduni wa taifa kwa njia zikiwemo fasihi, machapisho na maktaba. Jedwali la Nne linaziweka maktaba, makumbusho na shughuli za kitamaduni miongoni mwa majukumu ya kaunti, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaipa taasisi yenu, Mkurugenzi Mkuu, wajibu wa kuutafiti na kuutunza urithi huu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tangu hapo tumejifunza kuhesabu milango iliyochongwa na kuta za matumbawe, na ni vema. Naomba tuhesabu pia yaliyomo ndani ya kuta hizo.

Ninachoomba kwa sasa kinaweza kufanyika bila fedha nyingi. Kabla ya Maulidi yajayo ya Lamu, Makumbusho na Kaunti waitishe kikao cha wazi mjini, na kingine Siyu kwenyewe, ambacho akina mama wenye vitabu wataalikwa kwa majina na wataulizwa wao kwanza kama wanataka kazi hii ifanyike, na kwa masharti gani. Majibu yao yaandikwe na yatangazwe. Baada ya hapo, ofisi zenu mbili zitaje ni nani hasa atakayeisimamia kazi hii, na ni katika bajeti ya mwaka gani itaanza kutengewa fungu lake.

Nasubiri majibu yenu, nami niko tayari kusaidia kwa lolote nitakaloagizwa, ikiwemo kunakili na kusahihisha.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa Kiswahili, Pwani ya Kenya